Maji ya Ziada: Faiba, Mnara wa Mbali na Haki ya Mtu wa Mwisho

Katika hesabu za kampuni za simu, mnara wa mbali ni mnara ambao gharama ya kuufikia huzidi mapato yanayotarajiwa kutoka kwa watu wanaouzunguka. Maelezo hayo ni ya kihasibu, na ndani ya uhasibu hayana kosa. Lakini yanapotumiwa kuamua ni nani atakayesikika leo na ni nani atakayesubiri, yanaingia katika uwanja wa swali lililo kongwe kuliko simu, ambalo wanafalsafa na wanateolojia wameligeuzageuza tangu zama za Aristotle, nalo ni hili: je, ugumu wa kumfikia mtu unaweza kupunguza kile anachostahili? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kuitazama miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia eneobunge la Manyatta katika Kaunti ya Embu hadi nyanda kavu za Mbeere, kwa sababu katika safari fupi ya matatu nchi hiyo hubadilika kutoka mashamba ya chai na kahawa yaliyosongamana nyumba hadi vichaka ambako boma moja halioni jingine, na mabadiliko hayo ya ardhi huonekana pia katika daftari la kila anayefikiria kuchimba mtaro wa mawasiliano.

Ili hoja isielee hewani, ni lazima kwanza ieleweke namna mnara unavyofanya kazi. Antena iliyo juu ya mnara huzungumza na simu za wateja kwa mawimbi ya redio, lakini mazungumzo hayo hayafiki popote ikiwa mnara wenyewe haukuunganishwa na mitambo mikuu ya kampuni. Kiungo hicho cha nyuma, ambacho mteja hakioni wala hakifikirii, ndicho kinachoamua mnara utabeba mazungumzo mangapi na intaneti ya kasi gani. Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni maikrowevu, yaani mawimbi mafupi yanayorushwa kutoka sahani moja hadi nyingine kwa sharti kwamba sahani hizo zionane bila kizuizi kati yao. Hii husimikwa kwa muda mfupi na haidai ruhusa ya kila mwenye shamba, lakini ujazo wake una kikomo, mvua kubwa huidhoofisha, na masafa yake hulipiwa ada kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya mwaka baada ya mwaka. Ya pili ni faiba, yaani nyuzi za kioo safi zenye unene wa milimita 0.125, ambazo mwanga hupita ndani yake kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde na ambazo ujazo wake, kwa mahitaji ya mnara mmoja wa mashambani, ni kama hauna mwisho. Charles Kao na George Hockham walionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kingeweza kubeba mawasiliano ya masafa marefu. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa na kuitoa Kenya katika utumwa wa setilaiti.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kioo chenyewe si ghali. Kinachomeza fedha ni mtaro: vibarua au mashine za kuchimba, ruhusa za mamlaka za barabara na za kaunti, fidia kwa wenye mashamba, mabomba ya kupitishia waya, kuvuka mito, kufukia na kurejesha barabara katika hali yake, na baadaye kurudi mahali palepale kila mara greda la barabara linapoukata waya. Katika Manyatta udongo ni mwekundu na laini, hivyo sululu huingia bila shida, lakini nchi yenyewe ni migongo na mabonde, na kila bonde lina mto wake unaoshuka kutoka msituni, kiasi kwamba safari ya waya kutoka mgongo mmoja hadi wa pili, ambayo kwa ndege ni fupi, hurefuka kwa kuzunguka kutafuta daraja. Huko Mbeere nchi ni tambarare zaidi, lakini udongo hugeuka kuwa mwamba na changarawe, na wateja hupungua kadiri mtaro unavyozidi kuwa mgumu.

Mfano wa kubuni unatosha kuonyesha matokeo yake. Ichukuliwe kwamba mtaro, pamoja na vyote vilivyomo, hugharimu shilingi milioni moja kwa kilomita, na kwamba kila mteja humwachia mwenye mnara shilingi 250 kwa mwezi. Mnara ulio kwenye mgongo wenye wateja 6,000, kilomita tatu kutoka barabara ambako faiba imekwisha kupita, hudai milioni tatu za kuchimba, na fedha hizo hurudi katika miezi miwili. Mnara ulio nyikani wenye wateja 1,200, kilomita 18 kutoka barabara hiyo, hudai milioni 18, nazo hurudi baada ya miaka mitano, kabla ya kuhesabu riba, mlinzi, na dizeli ya jenereta, kwa kuwa faiba hubeba mwanga tu na haiwezi kuupelekea mnara umeme. Kwa mteja wa kwanza mtaro umegharimu shilingi 500. Kwa mteja wa pili umegharimu shilingi 15,000. Meneja anayechagua mgongo hana uovu wowote moyoni, na ni vyema kulisema hilo mapema, kwa maana insha nyingi za maadili huanza kwa kumtafuta mwovu, na katika habari hii mwovu hapatikani kwa urahisi.

Maendeleo ya ufundi yamelizidisha tatizo badala ya kulipunguza. Zamani mitambo yote ya mnara ilikaa chini yake katika kibanda. Siku hizi inawezekana kuacha juu ya mnara antena na kipande kidogo cha redio tu, na kukusanya sehemu inayofikiri, yaani ile inayochambua mawimbi na kuyageuza kuwa maneno na picha, katika chumba kimoja kinachohudumia minara mingi. Faida yake ni kubwa, kwa sababu minara haielemewi yote kwa saa moja: ule wa sokoni hulemewa mchana na ule wa makazi hulemewa usiku, basi mtambo mmoja wa pamoja hutosha pale ambapo zamani ilihitajika miwili, na kibanda, kiyoyozi na ulinzi wake hupungua. Lakini utaratibu huo hudai faiba yenyewe, maana mawimbi ghafi yanayosafirishwa kabla ya kuchambuliwa ni mengi mno. Antena inayompa mteja megabiti 150 kwa sekunde kwa ukanda wa megahezi 20 inaweza kuhitaji takriban gigabiti mbili na nusu kwa sekunde kati yake na chumba hicho, na kwa kuwa majibu lazima yarudi kwa wakati, umbali kwa kawaida hauzidi kilomita 20 hivi. Manyatta, ulimo mji wa Embu, imo ndani ya upeo huo, lakini Ishiara, huko Mbeere, haimo. Hapa fizikia yenyewe inaweka mpaka, na msemo wa Immanuel Kant kwamba wajibu hauwezi kudai kisichowezekana unapata mfano wa shaba na kioo, ingawa hauwapi wavivu udhuru, kwa kuwa kisichowezekana kwa mpango mmoja huwezekana kwa mwingine: akili ya mnara hurudishwa mnarani, na faiba ya kawaida hubeba yaliyokwisha kuchambuliwa kwa mamia ya kilomita.

Ugumu wa kifalsafa, hata hivyo, huanza pale mtaro unapokwisha kufukiwa. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit, akiandika mwaka 1844 juu ya tozo za madaraja, alionyesha kwamba daraja likishajengwa, mtu mmoja zaidi akivuka haligharimu kitu, kwa hiyo tozo yoyote inayomfanya arudi nyumbani bila kuvuka ni hasara tupu kwa jamii, ingawa bila tozo mjenzi hawezi kurudishiwa fedha zake. Faiba ni daraja la namna hiyo, na zaidi ya daraja, kwa sababu waya mmoja huweza kuwa na nyuzi 48 au 96 na mwenye waya akawasha chache tu kati yake, nyingine zikabaki gizani miaka nenda miaka rudi. Bei ikiwekwa kwa kufuata gharama ya nyongeza, yaani gharama ya kumhudumia mtu mmoja zaidi, itakaribia sifuri na hakuna atakayechimba. Ikiwekwa kwa kufuata gharama yote iliyogawanywa kwa watumiaji, itamfukuza maskini ambaye kumhudumia kusingemwongezea mwenye waya hasara yoyote. Adam Smith alikuwa amekwisha kuiona hali hii mwaka 1776 alipoorodhesha miongoni mwa wajibu wa dola kazi zile za umma ambazo faida yake kwa jamii nzima ni kubwa lakini haziwezi kumlipa mtu mmoja aliyezijenga. Inafaa kukumbusha kwamba anayesema hivyo ni yule anayetajwa kila siku kuwa mtetezi wa soko.

Kwa falsafa ya manufaa, ile ya Jeremy Bentham na John Stuart Mill, ambayo humhesabu kila mtu kuwa mmoja na kutafuta jumla kubwa kabisa ya heri, jibu ni fupi: milioni 18 zinazowaunganisha watu 1,200 nyikani zingewaunganisha 36,000 migongoni, basi migongo itangulie, na itangulie tena kesho, hadi migongo iishe. Mantiki hiyo inaonekana ya haki kwa kuwa haimbagui yeyote kwa kabila au dini. Lakini tokeo lake ni kwamba mtu wa mwisho hana siku atakayofikiwa, kwa sababu kila mwaka huleta teknolojia mpya ambayo mtu wa mgongoni huihitaji kabla yake, na foleni hurudi mwanzo. Mwenye simu ya kizazi cha pili nyikani amemwona wa mgongoni akipita kwenye cha tatu, cha nne na cha tano. Ndiyo maana takwimu za Kenya zinaonyesha mtandao wa simu ukiwafikia zaidi ya asilimia 90 ya watu wakati sehemu ya ardhi unayoifunika ni ndogo zaidi kwa mbali.

Dhidi ya hesabu hiyo dini imeweka mfano ambao kila Mkristo wa Embu ameusikia mimbarani, ule wa mchungaji mwenye kondoo mia aliyewaacha 99 akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea, unaosimuliwa katika Injili ya Luka sura ya 15 na ya Mathayo sura ya 18. Wahubiri huutumia kusifu upendo usiohesabu, na huo ni usomaji mzuri ila haujakamilika, kwa kuwa mfano wenyewe umejaa hesabu: mia, tisini na tisa, mmoja. Mchungaji anajua idadi. Linalomtofautisha na mhasibu ni uhusiano uliotangulia idadi, yaani kondoo yule alikuwa wake kabla ya kupotea, na gharama ya kumtafuta haiulizwi kama bei ya kununua kondoo mpya. Hapa pana tofauti ambayo mijadala ya mawasiliano huipita haraka. Kwa kampuni, mkazi wa nyikani ni mteja anayeweza kupatikana, naye bado si wa mtu. Kampuni ikimwacha, haijapoteza kilicho chake. Kwa dola, mkazi huyohuyo ni raia tangu alipozaliwa, amesajiliwa, amehesabiwa katika sensa, na hutozwa kodi kwenye kila kilo ya sukari anayonunua. Mfano wa kondoo aliyepotea, basi, haumhusu meneja wa kampuni ya simu. Unamhusu mwenye kundi.

Kenya imelikubali jambo hilo kwa sheria. Marekebisho ya mwaka 2009 ya Sheria ya Mawasiliano yaliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni zenye leseni huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi ya mwaka ili kugharimia huduma mahali ambapo soko peke yake halifiki. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji inayopewa asilimia 0.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, na ikataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Mawasiliano hayamo katika orodha hiyo. Kwamba wajibu kwa mtu wa mwisho umekadiriwa kuwa nusu ya asilimia mara mbili, na vyombo viwili tofauti, ni sadfa inayostahili kutazamwa mara ya pili, maana hakuna kitabu cha maadili kinachojulikana ambacho kingetoa tarakimu hiyo.

Pingamizi lenye uzito dhidi ya mfano wa mchungaji linawahusu wale 99. Wao waliachwa nyikani, na mfano hausemi nani aliwalinda. Kampuni inayotozwa nusu ya asilimia inaweza kuihamishia kwa wateja wake, na miongoni mwa wateja hao wamo wapangaji wa mtaa wa Dallas mjini Embu, wanaonunua muda wa maongezi kwa shilingi kumi, na ambao si matajiri kuliko mfugaji wa mbuzi wa Mbeere anayenufaika na tozo hiyo. Pingamizi hili haliwezi kufutwa kwa maneno matamu. Linaonyesha kwamba swali la nani afikiwe haliwezi kutenganishwa na swali la nani alipe, na kwamba huruma inayogharimiwa na maskini wa mjini kwa ajili ya maskini wa shamba, huku faida ya wenye hisa ikibaki ilivyo, ni huruma iliyokosea anwani.

Ili kutoka katika mkwamo huo ni lazima kuuliza umbali ulitoka wapi. Hesabu ya kampuni huuchukulia umbali kuwa kitu cha asili, sawa na mvua na miamba. Lakini kilomita 18 zilizotajwa juu zilihesabiwa kutoka faiba iliyo karibu, na faiba haikuota yenyewe. Ilifuata barabara na nyaya za umeme, nazo zilifuata vituo vya utawala, na vituo hivyo vilichaguliwa na watu wenye malengo yao. Waingereza walianzisha boma la Embu mwaka 1906 baada ya msafara wa kijeshi. Reli iliyofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilipita upande wa magharibi wa mlima, kwenye mashamba ya walowezi, na haikufika Embu wala Meru. Mji wa Embu ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Na serikali ilipojenga mkongo wa taifa wa faiba tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa nia ya kuunganisha makao makuu ya wilaya, mkongo ulikwenda pale ambapo maboma ya zamani yalikuwa. Mkulima wa Manyatta yuko karibu na faiba kwa sababu babu yake alikuwa karibu na boma, na boma hilo halikujengwa kwa ajili ya babu yake.

Mfano wa Mbeere ni mkali zaidi. Katika Mto Tana, mpakani mwa nchi hiyo, yalijengwa mabwawa ya Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, nayo kwa miongo mingi yakawa moyo wa umeme wa Kenya. Nyaya kubwa zilipita juu ya vijiji kuelekea Nairobi huku nyumba nyingi chini yake zikiendelea kuwasha koroboi. Baadaye faiba nayo ilipanda kwenye njia hizo za umeme: nyuzi huweza kufichwa ndani ya waya wa juu kabisa, ule unaozikinga nyaya za umeme dhidi ya radi, na kampuni ya Kenya Power hukodisha nyuzi za namna hiyo kwa kampuni za mawasiliano. Kwa hiyo mwanga wa mawasiliano huweza kupita juu ya shamba la mtu, ukiwa na ujazo wa kutosha mji mzima, bila yeye kuweza kuugusa. Kupita na kuhudumia ni mambo mawili, kwa maana waya wa namna hiyo hauchanjwi popote. Huunganishwa katika visanduku vya maungio vilivyo kilomita kadhaa kimoja kutoka kingine, na kufungua mahali papya huhitaji fundi, kifaa, umeme, na zaidi ya yote idhini ya mwenye waya.

Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, aliacha fikra mbili zinazofaa hapa. Ya kwanza ni haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu: kila mtu anastahili usalama wa mwili, afya na riziki, kwa kuwa bila hivyo hawezi hata kuwa mtendaji wa maadili anayeweza kudaiwa wajibu wowote. Ya pili ni maadili yake ya dunia kama mzazi, ambamo watu wa ulimwengu wanafananishwa na watoto wa familia moja waliotofautiana kwa mali. Odera Oruka alishikilia kwamba aliyefanikiwa ana haki juu ya juhudi na bahati yake, lakini haki hiyo huja baada ya deni analodaiwa na mzazi wa wote, kwa maana hakuna aliyefanikiwa kwa nguvu zake peke yake. Fikra hizi zikiletwa Embu, zinaubadilisha mjadala: mtu wa Mbeere hasimami mlangoni akiomba sadaka ya mtu wa Nairobi, amekuja na hati ya deni, kwa kuwa mto wake, ardhi yake na anga ya shamba lake ni sehemu ya mtaji uliouleta mwanga mjini.

Je, mawasiliano ni sehemu ya kiwango cha chini cha ubinadamu? Odera Oruka hakuyataja, na mwaka 1980 jibu lingekuwa hapana. Lakini dola yenyewe imelibadilisha jibu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 fedha za watu wa kawaida zimehamia kwenye simu. Mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa anayepokea ujumbe kwenye simu yake. Na tangu 2023 maelfu ya huduma za serikali yamewekwa kwenye jukwaa la eCitizen. Serikali inayoifanya simu kuwa mlango wa kuingilia uraia haiwezi tena kusema kwamba mnara ni anasa ya biashara. Wapo watakaojibu kwamba ukimya wa nyikani nao ni neema, na kwamba mtandao umeleta kamari na mikopo ya usiku wa manane katika nyumba zilizokuwa na amani. Wasemalo ni kweli, ila mtawa huchagua ukimya wake mwenyewe, hachaguliwi na mhasibu.

Hata hivyo deni la dola la kuchimba mitaro mipya ni deni la miaka mingi, na njia za mkato zimewahi kujaribiwa. Kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet, ilianza Julai 2020 kutoa huduma nchini Kenya pamoja na Telkom Kenya kwa maputo 35 yaliyoelea takriban kilomita 20 angani. Januari 2021 ilitangaza kufunga, kwa kuwa gharama haikushuka kiasi cha kuifanya biashara idumu. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kutoa huduma nchini Julai 2023, zinamfaa mwenye uwezo wa kulipia kifaa chake. Kwa wengine mtaro haujapata mbadala.

Ndiyo sababu inafaa kutenganisha wajibu mbili ambazo kwa kawaida huchanganywa: wajibu wa kuchimba, ambao ni ghali na ni wa dola, na wajibu wa kutozuia kilichokwisha kuchimbwa, ambao ni nafuu na ni wa kila mwenye waya. Juu ya huu wa pili, sheria ya Kiislamu ina hazina ambayo wachumi hawajaitumia. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza kuzuia maji ya ziada kwa namna inayowazuia watu malisho, kwa sababu mfugaji hawezi kulisha mahali ambapo mifugo yake haiwezi kunywa, na mwenye kisima akifunga maji amekwisha kuyafunga malisho ambayo si yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, waliweka masharti kwa uangalifu: mwenye kisima hutangulizwa, naye hutoa kinachozidi haja yake tu, wajibu ni kwa kiu ya viumbe, hauhusu kumwagilia mazao ya kibiashara ya mwingine, na unathibiti pale ambapo hakuna maji mengine karibu.

Masharti hayo yanakaa kwenye faiba kana kwamba yalipimwa kwa ajili yake. Uzi usiowashwa, katika waya unaopita mahali pasipo na njia nyingine, ni maji ya ziada. Aliyeuzuia hakuzuia kioo tu, amezuia shule, zahanati na soko ambavyo vingeota kando yake. Mwenye waya abaki na nyuzi anazozihitaji na akiba yake ya dharura, alipwe gharama ya fundi, kisanduku cha maungio na matunzo, na asilazimishwe kumgawia bure mshindani anayetaka kuchuma. Lakini ada ya kukodi uzi uliolala gizani, ikiwa imepangwa kwa makusudi ya kumweka mwingine nje, haina msingi wa haki, hata kama kandarasi imeandikwa na mawakili wazuri. Hukumu hiyo haitegemei dini. Dupuit angeifikia kwa hesabu yake, na wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya, ambao katika miradi yao ya maji kila mwanachama hutoa mchango na kuchimba sehemu yake ya mtaro, wanaijua kwa desturi, kwani mkondo mkuu unaopita penye ua wa mtu bila kumwachia bomba ni ugomvi wa uhakika.

Mahali pa kuanzia pako karibu kuliko Nairobi. Kila waya mpya unaopita Manyatta, Runyenjes au Mbeere huhitaji kibali cha kupita, na kibali hicho hutolewa kwa ada ya fedha taslimu ambayo huingia katika mfuko wa kaunti na kuishia humo, au kwa fidia ndogo anayopewa mwenye shamba siku ya kuchimba. Wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Embu, kamati za barabara na wenye mashamba wanaoombwa saini wanaweza kudai kitu chenye thamani zaidi: kwamba mkataba wa kila waya uonyeshe kisanduku cha maungio katika kila soko unalolipita, na nyuzi mbili zilizotengwa kwa ajili ya zahanati, shule na mtandao wa jamii, ambao tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa kuupa leseni. Kuweka kisanduku wakati mtaro uko wazi hugharimu kidogo. Kurudi kukiweka baadaye ni kuchimba upya. Saini isitolewe kabla ya sharti hilo kuandikwa.